Askari wa Kimo cha Kidole Gumba

Mafunzo ya Watu Wazima kwa Redio: Kazi za Mikono

MANENO YA LEO
(Mwalimu wa darasa ayaandike ubaoni kabla ya kufungua redio.)

Kisanamu: sanamu ndogo.
Sare: mavazi ya namna moja wavaayo askari wa kikosi kimoja.
Kalibu: chombo cha kumiminia madini yaliyoyeyushwa ili yapate umbo.
Mkono wa rangi: rangi inayopakwa mara moja juu ya kitu, kisha ikaachwa ikauke.
Vanishi: maji maji yanayopakwa juu ya rangi ili kuilinda.
Mpagazi: mtu anayebeba mizigo kwa safari ndefu.

SOMO

Natumaini kila mmoja amekwisha keti mahali anapoweza kusikia vizuri, na maneno ya leo yamo ubaoni. Nawe unayesoma somo hili katika kijitabu baada ya kulisikia, soma polepole. Ukikuta neno gumu, rudi juu ukalitazame maana yake.

Leo nataka kuwaeleza kazi moja ya kujiburudisha inayopendwa na watu wengi huko Ulaya na Marekani. Kazi yenyewe ni kupaka rangi visanamu vya askari wa zamani. Pengine mmoja wenu atacheka na kusema, "Je, watu wazima wanacheza na wanasesere?" Usicheke bado, ndugu yangu. Sikiliza mpaka mwisho, kisha uamue mwenyewe. Utaona kwamba mtu akitaka kumpaka rangi vizuri askari mmoja mdogo, hana budi kuuliza maswali mengi juu ya mambo yaliyopita. Tena utaona kwamba visanamu vya namna hii viliwahi kuleta ugomvi mkubwa kati ya mtu mmoja na wakubwa wa nchi yake.

Visanamu hivi ni vitu gani?

Kisanamu cha askari ni umbo la mtu aliyevaa sare, lililotengenezwa kwa madini au kwa plastiki. Kipimo kimoja kinachopendwa sana ni milimeta 54, yaani kama urefu wa kidole gumba chako. Kipimo kingine ni milimeta 28, karibu nusu ya kidole hicho. Viko na vidogo zaidi.

Kazi hii ni ya siku nyingi. Katika karne ya 18, mafundi wa mji wa Nuremberg, Ujerumani, walimimina bati lililoyeyushwa katika kalibu za mawe, wakapata askari bapa, wembamba kama sarafu. Mwaka 1893, huko London, William Britain alipata njia nyingine. Fundi alimimina risasi iliyoyeyushwa ndani ya kalibu, kisha akaigeuza upesi ili ile ambayo bado ni maji imwagike. Iliyokwisha ganda ilibaki imeshika pande zote za kalibu, kama gamba la yai. Kwa njia hiyo askari alikuwa na uwazi ndani. Uzito ukapungua, na bei ikapungua pia. Tunaposema risasi hapa, maana yake ni yale madini laini na mazito, ambayo pia hutengenezewa risasi za bunduki.

Mwaka 1935 Waingereza wanaopenda kazi hii walianzisha chama chao, kikaitwa British Model Soldier Society. Siku hizi visanamu vingi ni vya plastiki, na mara nyingi huuzwa bila rangi. Mnunuzi hupaka mwenyewe. Hapo ndipo kazi inapoanza.

Kabla ya kushika burashi, uliza

Tuchukue mfano mmoja. Tuseme umepata kisanamu cha askari wa Kiingereza aliyepigana katika vita vya Waterloo. Waterloo ni kijiji kilichoko kusini ya mji wa Brussels, katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji. Tarehe 18 Juni 1815, Napoleon, mtawala wa Ufaransa, alishindwa huko na majeshi mawili. Jeshi la kwanza liliongozwa na Wellington. Ndani yake walikuwamo Waingereza, Waholanzi na Wajerumani wa nchi mbali mbali. Jeshi la pili lilikuwa la Prussia, dola kubwa ya Kijerumani ya wakati ule, na mkuu wake alikuwa mzee Blücher.

Haya, koti la askari wako lilikuwa la rangi gani? Kila mtu atajibu, "Jekundu." Vema. Lakini jekundu la namna gani? Koti la askari wa kawaida lilitiwa rangi iliyotoka katika mizizi ya mmea. Wekundu wake ulikuwa kama wa tofali, na jua na mvua viliufifisha. Koti la ofisa lilitiwa rangi iliyotoka kwa wadudu wadogo wa Mexico waliokaushwa na kusagwa. Rangi hiyo ilikuwa ya bei kubwa, na wekundu wake ulikuwa mkali kama damu mbichi. Basi ukiwapaka ofisa na askari wake rangi moja, umemwambia mtazamaji jambo ambalo si kweli. Umewafanya sawa watu ambao hawakuwa sawa hata katika uzi wa nguo zao.

Swali la pili: suruali je? Picha nyingi za gwaride zinaonyesha suruali nyeupe, safi kabisa. Lakini vitani askari wengi wa Kiingereza walivaa suruali za kijivu.

Swali la tatu: hali ya hewa ilikuwaje? Usiku wa kuamkia siku ile mvua kubwa ilinyesha, na askari walilala nje mashambani. Asubuhi walisimama katika tope, nguo zimelowa. Kwa hiyo ukimpa askari wako viatu vinavyong'aa kama vya bwana harusi, umemtoa Waterloo ukampeleka mahali pengine.

Majibu ya maswali haya hupatikana wapi? Hupatikana katika majumba ya makumbusho ambamo makoti yenyewe yamehifadhiwa. Hupatikana katika barua za watu waliokuwako, na katika amri za jeshi juu ya mavazi. Picha za zamani nazo husaidia, lakini jihadhari: mchoraji huenda hakuwako, akachora alivyosimuliwa. Afadhali upate mashahidi wawili au watatu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na mpakaji hodari ni yule asiyechoka kuuliza.

Namna ya kupaka

Sasa tuingie kazini. Nitataja hatua moja moja. Mwalimu wa darasa anaweza kuziandika ubaoni.

Kwanza, osha kisanamu kwa maji ya vuguvugu na sabuni, maana kinatoka kiwandani kikiwa na mafuta, na rangi haishiki juu ya mafuta. Kikikauka, kwangua kwa kisu kidogo au tupa laini ile mistari iliyoachwa na kalibu.

Pili, kibandike kwa gundi kidogo juu ya kifuniko cha chupa. Wakati wa kazi shika kifuniko, usiguse kisanamu. Jasho la vidole huharibu rangi.

Tatu, paka rangi ya chini. Hii ni rangi ya kijivu, nyeusi au nyeupe, inayofunika kisanamu kizima ili rangi nyingine zipate mahali pa kushika. Ni kama fundi anavyopaka ukuta mpya rangi ya chini kabla ya ile ya kupendeza. Iache ikauke sawasawa.

Nne, paka rangi zenyewe. Wengi siku hizi hutumia rangi za akriliki, ambazo huchanganywa na maji na hukauka upesi. Ipunguze rangi kwa maji kidogo. Mikono miwili miembamba ni bora kuliko mkono mmoja mzito, kwa sababu rangi nzito huziba vifungo, mikunjo ya nguo, hata pua na macho. Fuata utaratibu wa mtu anayevaa: anza na kilicho ndani, maliza na kilicho nje. Paka ngozi ya uso na mikono, kisha suruali na koti, kisha mikanda, mwisho bunduki na kofia. Ukikosea ukanda, ni rahisi kuusahihisha bila kugusa uso.

Tano, tia kivuli. Chukua rangi ya kahawia iliyokolea, uitie maji mengi mpaka iwe nyepesi kama chai ya rangi. Ipitishe juu ya nguo. Itateremka yenyewe na kukaa katika mikunjo, na sehemu zilizoinuka zitabaki na rangi yake.

Sita, tia mwanga. Chovya burashi katika rangi iliyo nyeupe kidogo kuliko ile ya nguo, kisha uifute juu ya kitambaa mpaka ikaribie kukauka. Ipitishe kwa wepesi juu ya mabega, magoti na mikunjo iliyoinuka. Pengine utauliza, "Kwa nini kujisumbua na kivuli na mwanga, na hali jua lipo?" Sababu ni hii. Kisanamu ni kidogo mno, na mikunjo yake haina kina cha kutosha kuonyesha kivuli chake. Macho yetu hukiona kama kitu bapa. Basi mpakaji hulisaidia jua.

Saba, tia tope na vumbi pale panapostahili. Rangi ikikauka kabisa, funika kazi yako kwa vanishi isiyong'aa, ili mikono ya watazamaji isiifute.

Haraka haraka haina baraka. Askari mmoja huweza kuchukua jioni kadha wa kadha, wala si aibu.

Neno moja la afya. Visanamu vya zamani vingi ni vya risasi, na risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Kiwanda cha Britain kiliacha kutengeneza askari wa risasi mwaka 1966. Ukishika cha zamani, nawa mikono kabla ya kula. Usikikwangue ukavuta vumbi lake, wala usimpe mtoto akichezee. Tena usiilainishe ncha ya burashi kwa midomo, hata kama rangi inaonekana haina dhara.

Ofisa aliyeuliza habari za mashamba

Nimesema kazi hii huanza kwa kuuliza. Sasa nitawaeleza habari za mtu aliyeuliza kuliko wote. Jina lake William Siborne, ofisa wa jeshi la Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1797. Hakupigana Waterloo. Mwaka 1830 alipewa kazi ya kutengeneza mfano mdogo wa uwanja wote wa vita, pamoja na vilima, nyumba, mashamba na askari wake.

Siborne alikwenda Waterloo, akakaa huko miezi mingi akiipima ardhi. Kisha akawaandikia barua maofisa waliopigana siku ile na ambao bado walikuwa hai. Aliwauliza: Kiasi cha saa 1 jioni kikosi chako kilisimama wapi? Adui aliyekuwa mbele yako alikuwa amejipanga namna gani? Tena aliwauliza jambo ambalo mkulima ye yote angelifurahia: Katika shamba uliposimama palikuwa pamepandwa nini? Majibu yalimjia kwa mamia.

Katikati ya kazi, serikali iliacha kumlipa. Siborne aliendelea kwa fedha za kukopa na za michango. Mwaka 1838 mfano ulikuwa tayari, ukaonyeshwa kwa watu katika jiji la London. Kila upande ulikuwa na kiasi cha meta 6, na juu yake walisimama visanamu zaidi ya 70,000, kila kimoja kina kimo cha milimeta 10 hivi. Hebu pima milimeta 10 juu ya rula. Ni kama upana wa ukucha.

Ugomvi ulitoka wapi? Ulitoka kwa askari wa Prussia. Kwa ushahidi alioukusanya, Siborne aliona kwamba saa ile ya jioni watu wa Blücher walikuwa wamekwisha fika kwa maelfu mengi na kumpiga Napoleon ubavuni. Aliwapanga hivyo. Wakubwa wa jeshi hawakupendezwa. Wellington alikuwa shujaa wa taifa, naye alikuwa amekwisha andika taarifa yake ya vita. Mfano wa Siborne ulionyesha kwamba ushindi ule ulikuwa na wenyewe wawili. Siborne alishikilia neno lake kwa muda mrefu. Mwishowe alichoka, tena alikuwa na madeni. Akaondoa maelfu mengi ya visanamu vya Prussia mezani.

Fikiri jambo hilo, msomaji. Hakuna mtu aliyechoma kitabu. Hakuna aliyefungwa. Mikono ya watu iliinua askari wa kimo cha ukucha ikawatia sandukuni, na kila aliyelipa kiingilio baada ya hapo aliona vita vingine. Siborne alifariki mwaka 1849. Mfano wake upo hata leo katika Jumba la Makumbusho la Taifa la Jeshi, huko London, nao wanahistoria wa leo wanakubali kwamba kufika kwa Waprussia kulikuwa sababu kubwa ya kushindwa kwa Napoleon.

Liko jambo la pili la kuangalia. Barua zile karibu zote zilitoka kwa maofisa. Sauti za askari wa kawaida, wale wa makoti ya rangi ya tofali, ni chache mno. Wengi wao hawakujua kuandika. Mtu asiyejua kuandika hutegemea mwingine amwandikie habari zake, na huyo mwingine huweza kumsahau. Ninyi mlioko darasani jioni hii mnaelewa neno hili kuliko watu wengi.

Askari na wapagazi wa kwetu

Tuseme sasa unataka kumtengeneza mtu wa Afrika Mashariki, wa vita vya mwaka 1914 hadi 1918. Waafrika walipigana pande zote mbili, ya Waingereza na ya Wajerumani. Tuchukue askari wa K.A.R., jeshi ambalo wazee waliliita Keya. Nguo zake zilikuwa za kaki. Miguuni alizungusha tambaa refu la buluu iliyokolea, kuanzia kifundo hadi chini ya goti, na wengi walitembea bila viatu. Ukimvika buti nyeusi zinazong'aa kwa sababu askari wa leo huvaa hivyo, umemdanganya mtazamaji.

Lakini je, utaweka mezani askari peke yao? Katika nchi zetu wakati ule barabara zilikuwa chache, na ndorobo waliwaua farasi na ng'ombe wa mizigo. Chakula, risasi na dawa vilibebwa vichwani mwa watu. Wapagazi walichukuliwa kwa mamia ya maelfu, wengi bila hiari yao, na makumi ya maelfu walikufa. Waliouawa na njaa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa na bunduki. Jina la Kariakoo katika Dar es Salaam, na la Kariokor katika Nairobi, yote mawili yanatokana na Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi.

Ukipita katikati ya Dar es Salaam utaiona sanamu ya shaba ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927. Juu amesimama askari mmoja na bunduki yake, ingawa maneno yaliyoandikwa chini yanawakumbuka wapagazi pia. Nairobi, katika barabara ya Kenyatta, wamesimama watu watatu wa shaba, na mmoja wao ni mpagazi. Ukiziona sanamu hizo mbili, jiulize: Mtoto asiyejua kusoma atajifunza nini kwa kutazama hii, na nini kwa kutazama ile?

Basi ukipanga safari ya jeshi lile juu ya ubao, ukaweka askari kumi na usiweke hata mpagazi mmoja, rangi zako huweza kuwa safi na ubao wako ukawa na uwongo. Mpake na mpagazi. Mpe mzigo wake kichwani. Mpake kwa uangalifu ule ule uliompakia ofisa.

Wasikilizaji, muda wetu umekwisha. Kama huna kisanamu, unaweza kuanza na kipande cha mti laini au udongo wa mfinyanzi, na kumchonga mtu unayetaka akumbukwe. Lakini kabla ya kushika kisu au burashi, nenda kwa mzee mmoja ukamwulize watu wa siku zile walivaa nini na walibeba nini. Andika majibu yake kwa mkono wako mwenyewe, maana mzee huyo hatakuwapo siku zote. Kwaherini mpaka somo lijalo.

MASWALI
(Jibuni katika daftari zenu. Mwalimu atasahihisha.)

1. William Britain alipata njia gani mpya mwaka 1893?
2. Kwa nini koti la ofisa na koti la askari wa kawaida hayakuwa na wekundu mmoja?
3. Kwa nini mikono miwili miembamba ya rangi ni bora kuliko mkono mmoja mzito?
4. Siborne aliwauliza maofisa mambo gani matatu?
5. Kwa nini wakubwa wa jeshi hawakupendezwa na mfano wa Siborne?
6. Andika sentensi tano juu ya mavazi ya mtu mmoja uliyemwona katika picha ya zamani, au uliyesimuliwa habari zake na mzee.